Barua Tatu za Kujieleza Kuhusu Mawe

Kwa muda wa miezi minne ya maisha yangu niliamini, na ningekula kiapo mbele ya hakimu yeyote, kwamba mtaalamu wa mawe akivunjikiwa na jiwe ndani ya mashine ya kupimia ananyang'anywa digrii. Si kwa mkupuo. Mawe kumi ya kwanza anaandikiwa onyo. Yakifika ishirini anashushwa cheo na kurudishwa kufundisha kidato cha kwanza. Yakifika thelathini, huko Ulaya ambako kuna ofisi yenye daftari la mawe yote ya dunia, jina lake linafutwa kwa wino mwekundu, na hata cheti chake cha darasa la saba kinafuatwa nyumbani kwao, kama mama yake bado anakitunza.

Aliyeniambia hayo ni mlinzi wetu, mzee wa Kisukuma kutoka Misungwi, aliyelinda geti la kiwanda chetu miaka ishirini bila kuibiwa kitu kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hakukuwa na kitu. Na ushahidi alikuwa nao. Mwaka mmoja nyuma, wakati mimi niko likizo, alikuja kijana wa chuo kikuu na sanduku la mawe akajifungia na mashine. Mzee akasikia mlipuko, kimya, mlipuko, kimya, siku tatu. Siku ya nne kijana akatoka ana vumbi mpaka kwenye kope, sanduku limejaa vipande vitupu, akapanda treni na hakuonekana tena.

"Aliyavunja yote," mzee alinisimulia kwa huruma. "Halikupona hata moja. Sasa mtu wa namna hiyo unadhani leo yuko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui. Hapo ndipo ujue."

Watu wakiona cheti changu cha ufundi wa maabara ukutani huniuliza nilianzaje maisha ya kitaaluma katika elimu ya mawe na udongo. Huwa nawajibu ukweli, kwamba nilipatikana pamoja na jengo. Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha vigae pale Pasiansi, Mwanza, kiwanda cha umma, kwa maana kwamba hakuna aliyejua ni cha nani. Enzi ya ruksa ilipoingia na kila kitu kikaruhusiwa kuletwa kutoka nje isipokuwa mvua, vigae vyetu vikakosa mnunuzi. Majirani zetu wakaanza kusafirisha minofu ya sangara kwa ndege na kutuachia mapanki, yaani mafupa na vichwa, na harufu. Sisi wafanyakazi tukapunguzwa wote siku moja, kwa hotuba ndefu na soda fupi. Tukabakizwa wawili, mlinzi na mimi, maana ilitakiwa pawe na mtu wa kumkabidhi mwekezaji funguo. Mwekezaji alikuja mara moja. Alizunguka kiwanda kizima akiwa amezipa mashine mgongo, akalitazama ziwa, akauliza kama jua likizama linaonekana vizuri kutokea pale, akaondoka. Kwa ninavyojua mimi bado anafikiria.

Katika chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya kubana, waliyoiacha wafadhili fulani zamani kwa ajili ya kupima uimara wa vigae. Ilikuwa na urefu wa mtu mzima na uzito wa ng'ombe kumi na wawili, naongeza kidogo. Kitu kinawekwa katikati ya bamba mbili za chuma, unapiga pampu kwa mkono, bamba zinakibana. Geji yake ilikuwa na mishale miwili: mweusi, unaopanda na kushuka, na mwekundu, unaosukumwa na mweusi na kubaki pale pa juu kabisa palipofikiwa, ili mtu asidanganye. Kuzunguka zile bamba kulikuwa na wavu wa chuma. Nilimuuliza mzee wavu ni wa nini, akasema ni kuzuia wizi. Nikaona inaingia akilini.

Chuo kimoja cha Dar es Salaam kikaomba kukodi kile chumba kwa ajili ya utafiti, na sisi wawili tukakodishwa pamoja nacho, kama madirisha.

Mtafiti mwenyewe alikuwa mwanamke, mwalimu msaidizi, mtu wa pande za Musoma, amenizidi miaka michache na akili nyingi. Alipoteremka kwenye gari na masanduku yake ya mawe, mzee alisimama wima akampigia saluti.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mama. Haya yote ni ya kwako?"

"Yote. Sitini."

Mzee akanitazama. Sitini ni mara mbili ya thelathini, na hesabu hiyo hata yeye aliiweza.

Mawe yenyewe yalikuwa mazuri ajabu. Alikuwa ameyachoronga kwa mtambo wa kutobolea kwenye miamba ya Kigongo karibu na kivuko, mengine Usagara penye njia panda, mengine kwenye vilima vya hapa hapa mjini, yakatoka ya mviringo kama chupa za soda zisizo na shingo, yamesuguliwa juu na chini mpaka yanateleza. Kila moja lina namba kwa wino mweusi. Nilikuwa nimeishi katikati ya mawe ya Mwanza tangu nizaliwe, nimeyakalia, nimeyaanikia nguo, nimeangukia pua juu yake, na sikuwahi kuona jiwe limevalishwa vizuri namna ile.

"Nakueleza, kaka, ili tuelewane," aliniambia jioni ile tukipanga mawe kabatini. "Chuo kinapunguza watu. Walimu wasaidizi tuko wanne kwenye idara, wanataka wabaki wawili. Profesa wangu kasema nikileta matokeo ya haya mawe kabla muhula haujaisha, naandika tasnifu, nabaki. Nisipoleta, narudi kwa mama nikatafute sekondari ya kufundisha."

"Na mawe yakileta matatizo?"

"Mawe yakileta matatizo nimekwisha."

Kila kitu alichosema mzee kilikuwa kimethibitishwa na mhusika mwenyewe, tena bila kulazimishwa.

Kesho yake akanifundisha mashine. Hakuanza na jiwe. Alianza na kipande cha chuma kilichokatwa kwa kipimo kile kile cha mawe, akasema anataka kwanza kuona kama pampu na geji vinafanya kazi. Akapiga pampu. Tani kumi, chuma kimya. Tani ishirini, kimya. Tani thelathini. Akaachia mafuta ya pampu, bamba zikafunguka, akakitoa chuma, akakifuta kwa kitambaa, akakigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakina hata mkwaruzo.

"Safi kabisa," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mimi ni mtu wa kujifunza kwa macho. Kitu kinaingia kizima, kinatoka kizima, mwenye kazi anatabasamu. Ungehitaji nini tena?

Tulikuwa tuanze mawe mchana ule. Badala yake ukaja ujumbe kutoka chuoni kwamba mitihani ya wanafunzi inamsubiri asahihishe, na asiposahihisha yeye hakuna mwingine, kwa kuwa waliobaki wanasubiri kupunguzwa. Ikabidi akimbilie treni. Maelekezo alinipa akiwa ameshaweka mguu mmoja kwenye gari. "Kila jiwe piga pampu taratibu, usikimbize. Ukimaliza soma mshale mwekundu, andika kwenye jedwali, nitumie kila Jumatatu. Ukiwa na swali niandikie."

Swali sikuwa nalo. Swali huwa analo mtu asiyejua, na mimi nilikuwa nimeshaelezwa na mlinzi.

Sasa hapa lazima niseme kidogo juu ya kiwanda chetu, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Pale kiwandani kitu kikivunjika hakikuulizwa kimevunjikaje. Aliulizwa mtu. Unaandika barua ya kujieleza, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni: moja ya meneja, moja ya utumishi, moja ya faili, na faili ndilo pekee lililokuwa linasoma. Niliwahi kuandika barua ya kurasa mbili kuhusu balbu. Mwenzangu wa tanuru alipewa onyo kali kwa ajili ya mpini wa koleo uliokatika wakati yeye yuko msibani. Tulijifunza kutembea kama watu waliobeba mayai. Vigae tulitengeneza vichache sana, kwa kuwa kigae ambacho hakijatengenezwa hakiwezi kuvunjika, na kwa utaratibu huo tulikuwa kiwanda chenye uharibifu mdogo kuliko vyote mpaka siku tulipofungwa.

Basi mtu aliyelelewa hivyo ukimwachia mawe sitini ya mwanamke anayepigania kazi yake, unategemea ayafanyie nini?

Jiwe la kwanza lilikuwa la Kigongo. Nililiweka kwenye bamba kwa adabu ya kumlaza mtoto mchanga. Mzee akaacha geti, akaja kutega sikio kwenye wavu. Alikuwa na sikio la kusikia mbuzi akitafuna upande wa pili wa ukuta. Nikapiga pampu. Tani tano. Tani kumi. Kwenye kumi na sita jiwe likatoa sauti, tik, kama mtu anavunja ganda la karanga chumba cha pili.

"Limelia," mzee akasema. "Liachie."

Nikaachia. Jiwe likatoka zima. Nikalifuta kwa kitambaa, nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha kama nilivyofundishwa, nikasema "safi kabisa" maana nilidhani ni sehemu ya kipimo. Kwenye jedwali nikaandika: kumi na sita. Kwenye safu ya maelezo nikataka kuandika "zima", lakini safu ilikuwa nyembamba, nikaweka alama ya vema.

Kwa jinsi hiyo tukaendelea. Tukawa mafundi. Mzee alifika mahali akawa anasikia jiwe kabla halijalia, ananyanyua kidole, mimi naachia. Sidhani kama kuna maabara nyingine duniani iliyowahi kupima mawe bila kuyaudhi. Kati ya sitini, hamsini na saba yalitoka mazima, yamefutwa, yamepangwa kabatini, namba zote zinatazama mbele.

Matatu yalitushinda. La kwanza lilikuwa la Usagara, na kosa ni la lori la samaki lililopita nje likiunguruma wakati mzee anasikiliza. Hatukusikia tik. Nikaendelea kupiga pampu, nikaendelea, na ghafla likapasuka kwa kishindo kilichofungua milango ya Pasiansi nzima na kuwafanya kuku wa jirani watage kabla ya wakati. Vipande vilijaa ndani ya wavu. Mzee alikuwa amekaa chini.

"La kwanza hilo," akasema. "Bado ana ishirini na tisa."

Vipande tukavitupa ziwani. Ziwa lile limejaa mawe tangu kuumbwa, hakuna ambaye angehesabu. Kwenye jedwali nikaandika "halipo", na hilo lilikuwa kweli tupu. Lakini dhamiri ya mtunza stoo haikuniruhusu kuishia hapo. Nikatafuta karatasi ya kaboni.

"YAH: KUPASUKA KWA JIWE NAMBA U-4," nikaandika. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mtajwa hapo chini nilikuwa nikitekeleza majukumu yangu ya kawaida saa nne asubuhi. Mshale mwekundu ulipofika tani thelathini na saba, jiwe lilipasuka kwa hiari yake bila kushawishiwa na mtu. Mlinzi ni shahidi. Ikumbukwe kwamba jiwe hilo lilikuja likiwa na mstari ubavuni. Naomba Mwalimu asihusishwe na tukio hili kwa vile alikuwa Dar es Salaam akisahihisha mitihani. Natanguliza shukrani."

Barua ya pili na ya tatu zilifanana na hiyo, ila katika ya tatu nilimlaumu mzee kidogo, kwa sababu alikuwa amesinzia. Nikazifungia kwenye faili nililoliandika "Mawe Yaliyoharibika", nikalificha chini ya mashine.

Wakati huo nilikuwa nasoma kidato cha tatu masomo ya jioni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba, magoti masikioni kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Niliona nitumie elimu. Nikamuuliza mwalimu wetu wa fizikia, mbele ya darasa, kama kuvunjika kwa jiwe kwenye mashine ni jambo kubwa. Mwalimu yule alikuwa mtu ambaye hajawahi kutamka neno "sijui" tangu apate ajira. Akaweka chaki chini, akatembea mpaka dirishani, akarudi.

"Inategemea," akasema.

"Inategemea nini, mwalimu?"

"Inategemea na jiwe, na inategemea na mashine, na kwa kiasi fulani inategemea na mhusika mwenyewe."

Darasa zima tukaandika. Nilipomweleza mzee, akasema ndiyo hayo hayo aliyoyasema yeye, ila yeye hakuhitaji chaki.

Mwalimu wangu wa mawe naye alikuwa anaandika kutoka Dar. Barua ya kwanza: namba nimezipata, asante, ila naona ni ndogo, hebu hakikisha mafuta ya mashine yanatosha. Nikahakikisha. Ya pili: namba bado ni ndogo mno, je, mashine ina tatizo lolote? Nikamjibu, kwa mwandiko wangu bora, kwamba asiwe na wasiwasi hata chembe, mashine ni nzima, mawe ni mazima, na sisi wenyewe ni wazima. Hilo la mawe, aliniambia miaka mingi baadaye, alilisoma kama salamu.

Na hapa ndipo ninapowacheka wasomi, kwa heshima zote, kwa kuwa nami nilikuja kuwa nusu yao. Mtu wa kawaida akipewa namba asizozielewa, anauliza. Msomi anatafuta maelezo. Mwalimu, akiwa amebanwa na muhula na kile kisu cha kupunguza watu, aliandika kurasa ishirini za kueleza kwa nini mawe ya Mwanza ni dhaifu. Unyevu wa ziwa. Jua kali la mchana na baridi ya alfajiri. Umri. Niliwahi kuzisoma zile kurasa, na zilikuwa nzuri, zilinishawishi mpaka nikaanza kuogopa kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba jambo lenyewe halikuwepo.

Profesa wake hakushawishika. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, wa wale wanaovaa soksi nzito hata kwenye joto. Akasema kabla hajatia sahihi chochote atapanda treni aje aone kwa macho yake. Wakafika wote wawili Jumatano asubuhi. Mwalimu alikuwa amekonda, na macho yalikuwa ya mtu aliyekaa macho njia nzima kutoka Dar.

"Shikamoo, Profesa," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayepima?"

"Ndiyo, Profesa. Kwa uangalifu mkubwa."

"Ni mwangalifu sana," Mwalimu akadakia.

Profesa akafungua jedwali langu juu ya meza, akavaa miwani. "Kumi na sita. Kumi na nne. Kumi na saba. Mwanangu," akamgeukia Mwalimu, "hizi ni namba za mawe ya chokaa ya pwani. Juu ya vilima hivi watu wamejenga nyumba, makanisa, matangi ya maji. Mimi nimekuja kutoka stesheni nikitazama juu, sijaona kilichozama."

"Unyevu, Profesa. Nimeeleza kwenye sura ya nne."

"Nimeisoma sura ya nne. Nikipeleka hiki kwenye kamati, wataniuliza mimi kwanza, halafu watakutoa wewe kwenye orodha bila kukuuliza." Akavua miwani. "Vipande viko wapi? Nataka kuona yamevunjika namna gani."

Mwalimu akanitazama. "Kaka, mtolee vipande."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Nilikuwa nimeisubiri miezi minne. Nikavuta funguo, nikafungua milango yote miwili ya kabati kwa pamoja, kama mtu wa duka la vyombo. Hamsini na saba, yanang'aa.

Profesa akavaa tena miwani, Mwalimu akasogea hatua moja. Nikadhani ni mshangao wa furaha. Profesa akachukua moja, akaligeuza. Akachukua la pili, la tatu. Akapita safu nzima kwa kidole.

"Haya ni ya akiba?" akauliza.

"Hapana, Profesa. Ndiyo yenyewe. Yote yamepimwa na halikuharibika hata moja." Kisha dhamiri ikanichoma, maana mzee alikuwa amesimama mlangoni na mzee alikuwa shahidi. "Isipokuwa matatu. Lakini Mwalimu hahusiki."

"Matatu yamefanya nini?"

Nikaingia chini ya mashine nikatoka na faili. Profesa akaketi kwenye kiti pekee chenye miguu minne, akaanza kusoma barua ya kwanza kwa sauti ya chini. Alipofika "kwa hiari yake bila kushawishiwa na mtu" akakohoa, akaanza tena. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kitu pembeni. Akasoma ya pili, akaandika. Ya tatu, akaandika.

"Thelathini na saba," akamwambia Mwalimu. "Thelathini na tisa. Thelathini na sita."

Mwalimu akaketi kwenye sanduku, mikono usoni, mabega yanatikisika. Mimi nikajua analia. Mzee naye alijua, akavua kofia.

"Weka jiwe moja," Profesa akaniambia. "Usiliachie mpaka nikwambie."

Nikaweka. Nikapiga pampu. Kwenye kumi na tano, tik.

"Limelia," mzee akasema kutoka mlangoni.

Mikono yangu ikaacha yenyewe. "Endelea," Profesa akasema. Sikuendelea. Nikageuka nikasimama kati yake na geji, mimi mtunza stoo wa kidato cha tatu cha jioni, na nikamwambia msomi wa taifa kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena. Nikamwambia, Profesa, kama ni adhabu nipe mimi. Huyu dada ana mama yake Musoma anamtegemea. Mawe matatu tu yamevunjika kati ya sitini, na hata hayo hakuyagusa. Kama daftari la Ulaya ni lazima liandikwe, liandikwe jina langu, mimi sina digrii ya kunyang'anywa.

Profesa akaliweka faili mezani. "Daftari gani la Ulaya?"

"Anajua mzee," nikasema.

Wote wakamtazama mzee. Mzee akarudi getini.

Mwalimu alikuwa amenyanyuka. Hakuwa analia. Macho yalikuwa na maji, lakini si ya kilio, wala sijui kama kilikuwa ni kicheko au hasira, nadhani alikuwa hajaamua bado. Akanisogeza pembeni kwa bega, akashika mkono wa pampu mwenyewe. Ishirini. Ishirini na tano. Nikaziba masikio. Thelathini. Jiwe lilikuwa linalia sasa mfululizo, kama mahindi yanayokaangwa, na yeye anapiga pampu tu. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Kwenye thelathini na nane likaenda, kwa kishindo kile kile, vipande vikapiga wavu na kuanguka, na vumbi jepesi likasimama hewani.

Profesa akainama akasoma mshale mwekundu, akasoma tena. Akampa Mwalimu mkono.

"Yamebaki hamsini na sita," akasema. "Mimi nasubiri treni ya Ijumaa. Yote yapigwe kabla sijaondoka, na sura ya nne itupe. Vipande hivi ndivyo vitakavyokubakisha kazini."

Akatoka nje kutafuta chai. Mimi nilibaki nimesimama na masikio yamezibwa nusu. Nilikuwa nimeona mtu anavunja jiwe mbele ya mkuu wake na kupewa mkono, na kichwa changu kilikuwa kinatafuta mahali pa kuliweka jambo hilo.

"Mwalimu," nikasema, "sasa itakuwaje kwako, yakifika thelathini?"

Akachukua jiwe la pili kabatini, akalipuliza vumbi, akaniwekea mkononi.

"Kaka, hakuna anayefukuzwa kwa kuvunja jiwe," akasema. "Tunayaleta hapa ili tuyavunje, na namba tunayoitaka ni ile ya pale linapovunjika."